Fundi Asiyeomba Mvua

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, na jua la Majengo limeshaanza kuchoma. Patrobas Wekulo yuko juu ya ngazi ya mbao, skrubu mbili mdomoni, ameupa ua mgongo. Mbele yake ukutani pana kisanduku cha chuma chenye mkono ubavuni. Ndiyo swichi kubwa, ile inayokata stima yote kwa mpigo mmoja.

Mtaani humu swichi ya namna hiyo hukaa ndani kwa mwenye ploti, aghalabu chumbani kwake, karibu na mto wa kulalia. Hii ya leo inafungwa nje, kwenye ukuta wa vyumba vya wapangaji huko uani, mahali ambapo hata mtoto akisimama juu ya debe la maji anaifikia.

"Mtoto akiichezea je?" anauliza Bi Mwanasiti, mwenye nyumba, mjane aliyeletwa Nairobi kutoka Lamu akiwa bibi harusi. Ameketi mkekani anachambua mchele, jicho moja kwenye ungo na jingine kwa fundi.

"Akiichezea taa itazimika, mama. Basi."

"Na mie nikitaka kuwazimia hawa wasinimalizie stima?"

"Yako iko kule ndani, hakuna aliyekunyang'anya. Wewe una yako, wao wana yao."

"Wallahi fundi una maneno. Ungekuwa wakili ungenenepa."

Wekulo anacheka kidogo, skrubu zikiwa bado mdomoni. Unene hana. Kazi kama hii humpa shilingi mia moja na ishirini akiwa na bahati, na bahati siku hizi haimjui jina. Zamani alikuwa na kazi nne, tano kwa wiki. Sasa akipata mbili anashukuru, na sababu ameitafuta mwenyewe: hakubali kuvuta waya kutoka nyumba ya mbele kwenda vyumba vya nyuma bila kuviwekea vyumba hivyo swichi yao. Mwenye ploti akikataa, Wekulo huchukua ngazi yake akaondoka. Mafundi wa kuvuta waya tu bila maswali wamejaa, na huitwa kabla vumbi la viatu vyake halijatulia.

Akimaliza kufunga, hafungi mkoba. Anaita wapangaji wote. Mama mwenye mtoto mgongoni, mshona viatu, mzee wa chumba cha mwisho ambaye anaapa kuwa ana miaka sabini na hajawahi kugusa stima wala hataki kuijua. Kila mmoja lazima aushike ule mkono wa chuma, auvute chini, aone taa zote zikizimika, kisha aurudishe juu. Mzee anavuta akiwa amefumba macho. Watu wanamcheka. Wekulo hacheki.

"Tena, mzee," anasema. "Sasa fumbua macho."

Hapokei malipo mpaka wa mwisho avute. Wenzake wa kazi humwita mwalimu wa chekechea, na si kwa mapenzi.

*

Huu ni Aprili wa 1984 na masika hayajafika. Mji mzima unazungumzia hilo. Misikitini wanaomba, makanisani wanaomba, na kwenye foleni za unga watu hutazama juu kuliko wanavyotazama mbele. Wekulo ni mtu wa Kimilili, mwana wa wakulima. Mama yake amemletea salamu kwa mtu wa basi kwamba mahindi aliyopanda yameliwa na mchwa yakiwa bado ardhini. Kwa haki yote, yeye angekuwa wa kwanza kupiga magoti.

Haombi.

"Naona haya kusema," ananiambia, mimi ninayeandika haya, tukiwa njiani kuelekea Baba Dogo, anakokaa. "Mama yangu ana njaa, na mimi nikiona wingu roho inaruka. Namwambia Mungu, ngoja kidogo tu. Ngoja nifunge ile swichi moja."

Hiyo swichi moja ni ya ploti ya Haji Abdurahim huko Eastleigh. Humo anakaa Annah, mjane wa mdogo wake, na watoto watatu. Na humo, masika ya mwaka jana, ndimo alimofia mdogo wake, Nabiswa.

Wekulo ndiye aliyemleta Nabiswa Nairobi. Alimtafutia kibarua katika kiwanda cha sabuni, akamtafutia na chumba. Ploti ya Haji ilikuwa safi, maji yalikuwepo, na mwenye nyumba alikuwa mtu wa dini asiyefokea watu. Mbele ni nyumba ya mawe anamokaa Haji mwenyewe, mgane, peke yake. Nyuma, ng'ambo ya ua, ni vyumba sita vya mabati alivyoviongeza baadaye bila karatasi za kibali, kama walivyofanya majirani zake wote. Mita ya stima iko mbele. Anayekuja kuisoma huisoma akaenda zake, hana haja ya kuvuka ua.

Stima ya vyumba hivyo hutoka chumbani kwa Haji. Waya umepita dirishani, ukavuka ua juu ya kamba za nguo, ukaingia kwenye tundu lililotobolewa katika bati. Mle ndani hakuna swichi hata moja. Haji huwasha kwake jua likizama na huzima saa nne za usiku, kwa kuwa bili ni yake na wapangaji, asema, wakiachiwa watapiga pasi hadi alfajiri. Mpangaji anayetaka kulala mapema huzima taa kwa kulegeza balbu kwa kitambaa. Watoto wa mle hujua kulegeza balbu kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Siku Nabiswa alipohamia, Wekulo aliuona ule waya. Kazi hii aliifunzwa na Bwana Singh, mkandarasi wa zamani wa Pumwani, ambaye alikuwa na sheria moja asiyoipunguza: jengo likisimama peke yake, hata kama ni choo, liwe na pahali pake pa kukatia stima, karibu, panapoonekana, pasipo mlango wa mtu katikati. Wekulo akamweleza Haji hivyo, kwa heshima.

"Sawa fundi," Haji akasema. "Mvua ikipita, inshallah. Nani anajenga wakati wa mvua?"

Mvua ikapita. Zikaja nyingine, nazo zikapita. Haji akasahau, na Wekulo akawa na kazi nyingi.

*

Jioni ile ya mwaka jana ilikuwa ya mvua kubwa. Haji aliwasha stima, akafunga mlango wake, akatia ufunguo katika mfuko wa kanzu, akaenda kuswali magharibi. Nabiswa alikuwa ametoka kiwandani. Alivua viatu, akatoka nje na karai kukinga maji ya paa. Karai likateleza, akajishika kwenye ukuta wa bati.

Mle tunduni waya ulikuwa umesuguana na makali ya bati mwaka baada ya mwaka, kila upepo ulipouyumbisha, mpaka ngozi ikatoka. Bati lilikuwa na stima.

Annah alikuwa ndani akiwasha jiko la makaa. Anakumbuka kwamba mumewe hakupiga kelele. "Nilisikia karai tu," anasema. "Likizunguka kwenye simiti, likizunguka, halafu likanyamaza."

Aliyefika kwanza alikuwa Matheka, jirani wa chumba cha pili, anayefanya kazi katika kiwanda kilekile. Alimwona rafiki yake ameshikwa, akajua mara moja ni stima. Na hapa ndipo pananiuma mimi mwandishi hata leo, kwa sababu Matheka hakupoteza akili. Alifanya alichofundishwa na maisha ya ploti ile. Alikimbia ndani, akashika balbu kwa shati, akailegeza. Chumba kikawa giza.

"Nikaita, imezima! Imezima!" anasema Matheka. "Kwetu hapa taa ndiyo stima, ndugu yangu. Taa ikienda, stima imeenda. Nani aliwahi kutuambia vingine?"

Akatoka mbio akamkumbatia Nabiswa kumtoa ukutani. Stima ikamtupa hadi kwenye sinki la kufulia. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vimekunjika tangu siku hiyo, na kiwandani wamempa ufagio.

Wengine walikuwa wameshaanza kuupiga mlango wa Haji. Ni mlango wa mvule, na madirisha yana nondo. Mke wa Matheka, Teresiah, akakimbia msikitini kumwita mwenye ufunguo. Alipofika aliwakuta wanaume wamesujudu.

"Mimi ni Mkatoliki," anasema, akikunja na kukunjua ncha ya leso yake. "Padri akiwa kwenye misa huwezi kuingia ukipiga mayowe. Nikafikiri na kwao ni hivyo. Nikasimama pale mlangoni kwenye viatu, na mvua inaninyeshea. Nikangoja wamalize."

Walipomaliza, Haji alikimbia pindo la kanzu mkononi, mzee wa miaka sitini na ushee. Alifungua, akavuta swichi yake chini. Nabiswa akaanguka. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

*

Mazishini Kimilili watu walisema lile ambalo husemwa. Ajali haina kinga. Alisema mchungaji, akasema chifu, akasema na shangazi mmoja aliyekuwa akimshika Wekulo mkono. Wekulo akauvuta mkono wake.

"Hii ilikuwa na kinga," aliwaambia. "Ni chuma kidogo hivi. Ninayo kwenye mkoba."

Tangu siku hiyo ile swichi ya mkobani ameiweka kwa Annah, kwa ajili ya ploti ya Haji tu, hata alipokosa nyingine ya kumfungia mteja. Siku alipotoka mazishini Haji alimruhusu kuuzungushia waya tepu na kuutia kipande cha tyubu ya baiskeli pale unapopita kwenye bati. Lakini tepu ni tepu, anasema, jua huichokesha. Na swichi hawezi kuifunga kwa siri, kwa sababu lazima kwanza akate stima chumbani kwa Haji. Kwenda kushtaki nako anaogopa: vyumba havina karatasi, na wakubwa wakija watavibomoa. Familia sita zitalala nje, na ya kwanza itakuwa ya Annah.

Mwezi wa kwanza baada ya mazishi alikwenda kwa Haji kwa hasira, wakapigiana kelele mpaka majirani wakaja. Mwezi wa pili alikwenda kwa upole. Jibu lilikuwa lile lile, hapana, bila sababu.

Mgala muue na haki yake mpe. Haji Abdurahim si mtu mbaya, na Wekulo mwenyewe ndiye wa kwanza kusema hivyo. Alilia juu ya jeneza waziwazi. Tangu mazishi hajamdai Annah kodi hata senti, wala hajalitaja jambo hilo. Mwisho wa mwezi anapopita chumba hadi chumba, mlango wa Annah huupita kama haupo.

"Nitamwambiaje mtu asiyenidai?" Annah anauliza. "Nikifungua mdomo nitaonekana sina shukrani. Na watoto nitawapeleka wapi?"

Kwa hiyo anakaa. Usiku huilegeza balbu kwa kitambaa, na mchana kutwa huwakataza watoto kugusa ukuta.

Haji alikubali kusema nami barazani kwake, kwa sharti kuwa tusizungumze kwa kirefu.

"Swala hukatizwa kwa ajili ya roho ya mtu," alisema. "Ni katika dini yetu, kila mtu anajua. Yule mama angepiga ukelele tu. Angeniita jina. Mwenyezi Mungu angenielewa."

Na swichi?

Alikisogeza kando kikombe chake cha chai. "Nikiifunga leo, mtaa wote utasema nini? Watasema, ahaa, kumbe ilihitajika. Kumbe Haji alijua. Mwanangu, mimi nalala chumba kimoja na ile swichi. Kila jioni mimi ndiye ninayeiwasha kwa mkono huu. Hamjui mnaniambia nini."

Nilimpelekea Wekulo maneno hayo. Aliyasikiliza, akafuta koleo lake kwa muda mrefu kuliko lilivyokuwa chafu.

"Hilo sikulijua," alisema mwishowe. "Mimi nilidhani ni ubahili."

*

Jumapili alasiri Wekulo yuko Eastleigh, kama kila Jumapili. Amekuja na mkate na paketi ya majani ya chai. Hewa imekuwa nzito tangu adhuhuri, na upande wa Ngong mbingu imekuwa nyeusi. Uani watu wanaitazama na kupeana mikono kana kwamba wamepata mgeni. Matheka anasema leo haitatudanganya. Wekulo anaitazama mara moja tu.

Haji anatoka kuanua kanzu zake. Wekulo anasimama, anamwamkia shikamoo, anachukua upande wa pili wa kamba na kumsaidia kukunja. Wanakunja kanzu tatu.

"Haji," Wekulo anaanza, na safari hii sauti yake haina ombi wala ugomvi. "Mimi ndiye niliyemleta mdogo wangu hapa. Nililiona lile tundu siku ya kwanza, na sikurudi kukukumbusha. Watu wakitaka kusema, waseme tulikuwa wawili."

Mzee anabaki ameshika kanzu kifuani. Wapangaji wanajifanya hawasikii, na hodari wa kujifanya ni Teresiah, ambaye anafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

"Hiyo kitu yako bado iko?" Haji anauliza.

Annah anaingia ndani. Anarudi na bunda la kitambaa cha kaki, ovaroli ya kiwandani ya marehemu, na ndani yake swichi. Haji anaipokea kwa mikono miwili. Anauvuta mkono wa swichi chini, anaurudisha juu. Anavuta tena. Chuma kinalia tak, tak.

"Nani ataishika?"

"Yeyote, Haji."

"Hata watoto hawa?"

"Hasa hawa."

Haji anatikisa kichwa polepole. Anaitazama mbingu, kisha anamrudishia Annah lile bunda.

"Sawa fundi," anasema. "Mvua ikipita, inshallah."

Hakusudii ubaya. Ndivyo watu husema, na ndivyo alivyosema mara ya kwanza. Mwaka mzima amekuwa akiambiwa hapana, na hili si hapana. Matone ya kwanza yanaanguka Wekulo akiwa bado amesimama hapo.

Halafu inafunguka. Eastleigh nzima inapiga vigelegele. Watu wanatoka na ndoo, masufuria, madebe, na watoto wa ploti wanaruka uani uchi wakinywa maji ya mvua. Annah peke yake anaita wa kwake kwa sauti inayokatika: rudini katikati, msikaribie bati, rudini. Mkubwa wao, msichana, anawashika wadogo zake mikono na kuwasimamisha katikati ya ua, mbali na kuta zote, wanyeshewe hapo.

"Mama atafurahi huko nyumbani," Wekulo anasema, maji yakimtiririka usoni. "Kimilili nako labda inanyesha."

Giza linaingia. Taa za vyumba sita zinawaka pamoja, kwa hiyo twajua Haji amewasha. Adhana inasikika kwa mbali katikati ya ngurumo. Mzee anatoka na mwavuli, anaufunga mlango wa mvule kama alivyoufunga kila jioni ya maisha yake, anatia ufunguo mfukoni. Anapiga hatua mbili na kusimama.

Anakaa hivyo mwavuli ukimlalia upande, kanzu ikilowa begani. Kisha anarudi. Anafungua mlango, anausukuma hadi ukutani, anainama kwa taabu na kuweka tofali ili upepo usiufunge. Kutoka uani tunaona ukumbi, na mwisho wake chumba cha kulala kikiwa wazi, na ukutani juu ya kitanda swichi ya zamani. Haji hamtazami mtu. Anaenda kuswali.

Wekulo anachukua kigoda cha Annah, anakivusha ua na kukiweka kwenye kizingiti. Anaketi, bega moja mvuani, macho kwa wale watoto.

Namuuliza atafanya nini sasa. Anasema mvua ikipita ataifunga swichi, siku hiyohiyo, bila malipo, na kila mtu wa ploti hii ataivuta kwa mkono wake, na wa kwanza kuivuta atakuwa Haji.

Na mpaka hapo?

"Mpaka hapo, kesho nitafunga kazi mapema nije kuketi hapa," anasema. "Kutoka Baba Dogo kwa miguu ni mbali kidogo, na mzee huenda msikitini saa kumi na mbili na nusu."